Mzee wa Kufungua Geti

Kila Ijumaa alasiri benchi letu la nje ya duka, hapa Al Wakrah, Qatar, huwa na watu wachache na maneno ya soko zima. Hassani, mpishi wa hoteli kutoka Tanga, huleta themosi ya kahawa, na kwa kuwa ana dawa ya kila tatizo tunamwita Daktari. Wanjiru, yaya wa kule Muaither, ndiye Redio. Japheth analinda geti, basi ni Soja. Mimi dereva, kazi yangu kunywa na kuchochea. Leo Soja hachangamki: kesho bosi anataka jibu, anaongeza mkataba miaka miwili au anarudi Bungoma. Redio naye kaja na msiba wa Holiwudi. Yule mzee anayefungua geti kwenye kila filamu amefariki.

— Wameandika jina? Soja akauliza.

— Ati “mwigizaji mkongwe”. Na picha ameshika geti.

— Tajiri yule! Daktari akadakia. Haba na haba hujaza kibaba. Jumlisha vidakika vyake vyote, ni filamu nzima, na steringi ni yeye!

— Wacha zako, Daktari, Redio akamkatiza. Huyo alikuwa soja wa ukweli wa hiyo studio. Walikuja kushuti wakamkuta kwa geti, akakataa kutoka, ati zamu haijaisha!

— Basi ni mtu wa kwetu Pangani, Daktari akajibu. Wazungu wanafungua kwa kitufe. Nani tena afungue kwa mkono, kisha ainamishe kichwa vile? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Soja hakucheka.

— Chekeni tu. Huyo mzee ni mimi. Juzi binti yangu Nasimiyu ameambia watoto wenzake ati babake anaishi kwa simu. Nililia na yunifomu yangu, wageni wakipita.

Shani, binti wa Pemba aliyefika nchini juzijuzi, alikuwa katoka dukani akasimama kusikiliza.

— Samahanini, ndugu zangu. Huyo mzee, katika filamu zote hizo, ipo hata moja aliyoonekana kafika kwao?

Redio akapekua simu, akaiweka chini. Mimi nimeziona filamu zile nyingi, wala sikukumbuka hata kiti alichowahi kukalia. Moyo uliniuma, maana nami nina kwetu.

Soja akampigia bosi, kwa Kiingereza chake cha polepole.

— Tafuta mtu mwingine wa geti, bosi. Mimi nyumbani huwa nafunguliwa.