Awamu ya Mabango

Ukisikia mtu anasifia kahawa, muulize kwanza kama amewahi kufika Ambohimiarivo, pale njia panda, akanywa ya Mama Bozy. Ile kahawa ukipiga vikombe viwili unaweza kubishana na radi, na radi ikaomba radhi. Watu wa huko juu vilimani huinywa alfajiri ikiwaka moto, wamejifunga shuka mpaka puani, baridi ya Julai ikipanda kutoka mashamba ya mpunga. Nayo benchi wanayokalia haikuzaliwa benchi. Ilikuwa kreti. Ilikuja na mitambo ya Kituo cha Teknolojia, lile jengo jeupe ng'ambo ya barabara lenye kufuli kubwa kama kichwa cha ndama, na mishale iliyochorwa ubavuni kuonyesha upande wa juu mpaka leo inaelekea chini. Juu ya mlango wa kituo kuna bango. Nyuma ya bango hilo kuna bango jingine, na nyuma ya hilo jingine tena, maana kila waziri mpya alikuja na mkakati wake wa taifa, na kila mkakati ulikuja na bango lake na misumari yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuja na ufunguo.

Asubuhi hiyo Ralaivao alifika kabla ya wote. Kijiweni wanamwita Redio, kwa sababu tangu aote ndevu hajawahi kunyamaza kwa muda wa kutosha kikombe kupoa. Ndiye aliyewahi kumtukana mamba mpaka mamba akarudi majini kwa aibu. Ushahidi ni yeye mwenyewe na huyo mamba. Lakini leo Redio alikuwa bubu. Amekishika kikombe kwa mikono miwili, macho yakiwa kwenye barabara ya kutoka Tana, mji mkuu.

— Redio, vipi, betri zimekwisha? akauliza Tarumbeta, akijibana kwenye benchi. Huyu ni mpuliza tarumbeta wa famadihana, zile siku za kuwatoa wazee makaburini, kuwavika sanda mpya za hariri na kucheza nao kabla ya kuwarudisha walale.

Redio akaendelea kuitazama barabara.

— Mzungushie kidole kitovuni, labda atashika stesheni, akasema Kabineti. Huyo naye aliendesha gari la wizara msimu mmoja tu, na tangu hapo anaongea kama mtu aliyelala chini ya meza ya baraza la mawaziri.

— Nyinyi hamna haya? Mama Bozy akawakatiza, birika mkononi. Volatiana anaondoka leo.

Tarumbeta akashusha kikombe. Volatiana ndiye mtoto pekee wa Redio. Mkakati ule wa kwanza ulipotangazwa, vijana wa wilaya walichukuliwa wakasomeshwa Tana, wakafundishwa kuendesha mitambo ya kupima udongo na maziwa, na kompyuta zake. Wakarudi na vyeti. Wakakuta kufuli. Mmoja mmoja wakatawanyika: huyu anauza mifuniko ya simu Majunga, yule anavuta mkokoteni wa abiria Antsirabe, mwingine kaolewa pwani. Akabaki Volatiana. Kila Jumamosi alikuwa akivuka barabara na kitambaa, anafuta vumbi kwenye kioo cha dirisha la kituo, kwa nje, maana ndani hapaingiliki, kisha anasimama kuitazama mitambo kama mtu anayemtazama mgonjwa. Sasa amepata mkataba Morisi, kisiwa cha ng'ambo ya bahari, kwenye kiwanda cha kushona suruali.

— Mbona gari la kwanza limeshapita? akauliza Tarumbeta.

— Nimemwomba asubiri la pili, Redio akasema hatimaye. Kabineti alisema leo wakubwa wanakuja kufungua. Ulisema, hukusema?

Kabineti akajikuna chini ya kofia.

— Nilisema. Nimeambiwa na dereva anayemjua dereva wao.

— Basi wakija, anabaki. Tumeelewana hivyo mimi na yeye. Wasipokuja mpaka gari la pili, anakwenda.

Hapo kila mtu akaigeukia barabara. Ilikuwa tupu, ng'ombe mmoja mwenye nundu amesimama katikati anawaza mambo yake. Na watu wakishindwa kuvumilia kimya, huwa wanafanya nini? Wanabishana.

— Watakuja, akasema Kabineti. Wamechelewa kwa sababu moja tu. Mitambo imo kwenye mkakati wa wizara ya mitambo. Umeme umo kwenye mkakati wa wizara ya umeme. Sasa umeme wa kwetu umepangwa kufika mwaka ambao mitambo itakuwa imeshaota mvi. Ile mikakati miwili haijawahi kuonana hata kwa bahati mbaya msibani.

— Na walioiandika je? Hawajuani? akauliza Tarumbeta.

— Watajuanaje? Ule wa mitambo aliuandika mtaalamu wa kutoka nchi ya baridi. Mimi niliubeba kwenye gari, kiti cha nyuma, nimeufunga mkanda kabisa. Una sura nzima inayoeleza jinsi ya kulinda mitambo na theluji.

— Theluji! Tarumbeta akapaliwa na kahawa. Kabineti, we unatupiga kamba.

— Nife hapa! Theluji, kurasa na kurasa. Panya neno moja hakuna.

— Mimi naona shida si theluji, akasema Mama Bozy akimimina. Msingi wa kile kituo ulichimbwa Jumanne. Nani hapa kwetu anatia jembe ardhini Jumanne, siku ya mwiko? Niliwaambia. Mhandisi akasema ratiba ndiyo imeandika Jumanne. Haya, ratiba na imfungulie.

— Mama, mbona kanisa nalo lilichimbwa Jumanne? akauliza Kabineti.

— Ndiyo maana paa linavuja.

Wakacheka, hata Redio midomo ikamcheza kidogo. Tarumbeta akaona mwanya, akajitanua, maana hapendi kupitwa.

— Nyote mnapapasa gizani. Mimi ndiye ninayejua, hii ni kazi yangu. Mkakati wa teknolojia wa nchi hii ulishakufa zamani. Wanachoufanyia ni famadihana! Kila baada ya miaka kadhaa wanautoa kaburini, wanaubeba juu, wanauvika jalada jipya linalong'aa, wanausomea hotuba ndefu, tarumbeta zinalia, watu wanakula wali na nyama ya mafuta, wanauzungusha, wanaurudisha ndani, wanafunga mlango. Miaka ikipita, tena! Tofauti ni kwamba sisi wafu wetu tunawajua majina. Na tukiwatoa, kila mtoto anarudi nyumbani kumshika…

Akakumbuka. Akalimeza neno lote na kahawa juu yake.

Mwakani ilikuwa zamu ya kumtoa Bakoly, mama yake Volatiana. Kijiji kizima kinajua. Redio amekuwa akiweka akiba ya hariri tangu mazishi.

— Samahani, kaka, Tarumbeta akasema chini chini.

— Endelea tu, Redio akasema. Umesema kweli.

Mama Bozy akamsogezea Redio kitumbua cha mchele kilichotoka kwenye karai sasa hivi. Hakukigusa.

— Basi tuambie wewe, Kabineti akamchokoza kwa upole, kama mtu anayemgusa mgonjwa aone kama amelala. Redio, kuna nini ndani ya kile kituo?

Redio akavuta pumzi. Ile sauti yake ya zamani ikaanza kupanda taratibu.

— Ndani ya kile kituo? Nyie hamjui. Mimi nilichungulia usiku wa mbalamwezi. Ndani mna kituo kingine, kidogo zaidi, cheupe vilevile, kina kufuli na bango. Ndani ya hicho mna kingine. Na kingine. Vinakwenda vinapungua mpaka cha mwisho, kimelingana na kiberiti. Na mbele ya hicho cha mwisho kuna benchi ndogo, wazee watatu wadogo kama sisimizi, wanakunywa kahawa, wanangoja wakubwa. Mmoja wao ana mtoto wa kike. Kila siku anamwambia, mwanangu, subiri…

Honi ikalia nyuma yao.

Lilikuwa gari la pili. Lilishuka kutoka upande wa kusini, magodoro na matenga ya kuku juu ya paa, utingo ananing'inia mlangoni anapiga kelele: Antsirabe! Antsirabe mpaka Tana! Na kutoka kwenye kichochoro nyuma ya genge la Mama Bozy, Volatiana akatokea na begi moja, amejitanda shuka la marehemu mama yake.

Hakwenda kwenye gari. Alikuja kwanza kijiweni, akawapa mkono wote, akainama kidogo mbele ya baba yake.

— Baba, wamekuja?

Redio akaitazama barabara ya Tana. Yule ng'ombe alikuwa ameondoka. Hapakuwa na kitu kabisa.

Kabineti akaanza:

— Binti yangu, labda ukisubiri la tatu…

— Kabineti, nyamaza, Redio akasema bila ukali. Hawajaja, mama, akamgeukia binti yake.

— Nikae mpaka kesho?

Angesema ndiyo, binti angekaa. Redio alilijua hilo jinsi anavyoijua njia ya nyumbani. Alikuwa amelisema hilo neno, subiri, kwa mkakati wa kwanza, akalisema kwa wa pili, na kwa wa tatu, na binti akawa anavuka barabara na kitambaa chake huku wenzake wakizaa na kujenga.

— Mwakani tunamtoa mama yako, akasema.

— Najua, Baba. Nitatuma sanda. Nzuri, ya hariri.

— Hariri ipo. Nilitaka mikono yako.

Utingo akapiga bodi la gari kwa kiganja. Volatiana aliinamisha kichwa, begi linamlegea mkononi. Ndipo Redio akasimama, akalichukua lile begi, akavuka nalo barabara, akampa utingo, akarudi.

— Panda, mama. Panda kabla maneno hayajanijia.

Akapanda. Gari likaondoka. Mkono wake ulionekana dirishani unapunga, kisha shuka tu, kisha vumbi. Tarumbeta akavua kofia kama yuko kazini.

Walikaa hivyo, kahawa ikiwapoa mikononi. Vumbi la kwenye kona lilikuwa bado halijatua likatibuliwa tena na gari jeupe la mizigo lililotoka Tana, jipya, lina bendera ndogo mbele, limebeba bango refu lililofunikwa turubai.

— Mungu wangu, akasema Mama Bozy.

Kabineti akaruka.

— Si niliwaambia! Redio, kimbia! Gari la abiria litasimama darajani kupakia mkaa! Tumwombe huyu dereva, tutalikuta!

Redio tayari alikuwa katikati ya barabara, shuka limemdondoka. Garini akashuka mama mmoja nadhifu, koti la mjini, viatu vimeshaanza kuchafuka, akawaamkia wazee wote kwa heshima. Nyuma yake wanaume wawili walikuwa wameshaegemeza ngazi mlangoni na kuanza kupigilia bango juu ya yale mabango. Lilikuwa zuri, ukweli usemwe. Lina maandishi ya dhahabu: Akili za Mashine kwa Kila Mwananchi.

— Mama, mmekuja kufungua kituo? Redio akauliza, anahema.

— Tumekuja kwa mkakati mpya, baba yangu.

— Ninaye mtaalamu. Binti yangu. Aliyesomea mitambo hii hii. Yuko kwenye gari lililotoka sasa hivi. Nikimrudisha, mtampa kazi?

Yule mama alimtazama. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulionyesha anamhurumia.

— Ajira ziko awamu ya tatu, baba.

— Na sasa ni awamu gani?

— Ya kwanza. Awamu ya mabango.

— Ya pili?

— Ya pili ni tathmini ya ya kwanza.

Redio akageuka kutazama kona. Huko darajani gari lingekuwa bado linapakia mkaa. Akaliokota shuka lake, akalikung'uta, akarudi kukaa kwenye benchi. Kabineti, aliyekuwa ameshashika mlango wa gari jeupe, aliuachia.

Yule mama akavuka, akainama kwenye dirisha la kituo. Vioo vyote vilikuwa vimevaa vumbi jekundu, isipokuwa kile kimoja, kilichofutwa kikang'aa, mitambo ikaonekana ndani imepangana na vifuniko vyake. Akafurahi. Akatoa simu, akapima picha itakavyokaa.

— Hapa panatosha kabisa, akasema. Sisi tunahitaji picha moja tu ya kwenda nayo Tana, mitambo ikiwa inafanya kazi. Jenereta dogo tumekuja nalo, na ufunguo tunao.

Ufunguo. Alikuwa nao kwenye mkoba, kwenye kamba nyekundu. Akawageukia wazee wa kijiweni, anatabasamu.

— Nani hapa anajua kuiwasha?

Tarumbeta akakitazama kikombe chake. Kabineti, kwa mara ya kwanza tangu alipoacha gari la wizara, hakuwa amesikia lolote kutoka kwa dereva yeyote. Mama Bozy aliinamisha birika ili angalau ampe mgeni kikombe kimoja, yakatoka machicha.

— Wazee wangu? Hakuna hata mmoja?

Wote wakamgeukia Redio, kwa mazoea, maana swali likikosa mwenyewe kijiweni huwa ni lake. Redio akafungua mdomo. Akaitazama kona ya barabara, akaufunga.