Siku Baba Alipoita Watu Wamwinue Karanga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena. Wengine husimama hapa kutoa ushuhuda wakiwa wametulia, wamekwisha kuyaelewa mambo yao. Mimi sijayaelewa. Nimesimama mbele yenu nikiwa bado mtu aliyeshtuka, na nikingoja mpaka mshtuko uishe nitanyamaza milele.

Mnanijua. Mimi ni Eliza, yule binti anayeandika hadithi, niliyerudi hapa Kintinku mwaka jana kumzika mama nikabaki na baba. Mlikuja nyumbani, mlilia nasi, mlipika, mkaondoka. Baada ya hapo nyumba yetu ilikuwa kama mtungi uliopasuka. Baba alikuwa anaamka, anafungua zizi, anakwenda shamba, anarudi, anakula, analala. Hakulitaja jina la mama hata kwa bahati mbaya. Nami nikaacha kuomba. Nilikuwa nikipiga magoti kando ya kitanda naona ninazungumza na ukuta, basi nikaacha.

Kitu kimoja tu cha mama kilibaki kinapumua. Mbwa wake! Mbwa mdogo, mwekundu kama ganda la karanga, ndiyo maana mama akamwita Karanga. Si mbwa wa kuwinda, si mbwa wa kutisha mtu. Ukubwa wake ni wa kuku mtetea aliyenona. Kazi yake ilikuwa moja: mama akianika alizeti uwanjani, Karanga anafukuza kuku wasile. Baba hakuwahi kumgusa. Kwake mbwa ni wa nje, kama ufagio.

Ndugu zangu, wakati wa kuvuna alizeti, mchana wa jua kali, Karanga alilala kwenye kivuli cha gurudumu la mkokoteni. Mmeona mbwa wote wanavyofanya. Baba alikuwa amepakia magunia, akawachapa maksai bila kuangalia chini. Nikasikia mlio. Sitauelezea mlio ule hapa mbele za watoto. Gurudumu lilikuwa limepita juu ya mguu wa nyuma, na mguu haukuwa mguu tena.

Baba aliangalia. Uso wake haukubadilika. Akaniambia, "Mmalize," akaendelea na safari ya magunia.

Msimhukumu. Sisi wafugaji ndivyo tulivyolelewa. Mbuzi akivunjika mguu, jioni anakuwa mchuzi na watu wanashukuru. Mbwa huwezi kumla, kwa hiyo hakuna anayejua la kumfanyia. Lakini mimi nilimfunga kwenye kitenge cha mama, nikapanda bodaboda mpaka Manyoni kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mnene mwenye mikono mizito. Akamchoma sindano ya usingizi, akaukata mguu juu ya goti, akashona. Nilimmulikia kwa taa ya simu mpaka mwisho.

Mnajua kilichonivunja? Si damu. Ni pale alipozinduka. Alikaa akageuza kichwa, sikio likamwasha, na kile kigutu kikaanza kwenda, kinakuna, kinakuna hewa! Mguu haupo, naye anajikuna! Akashangaa kwa nini sikio halipati raha. Nikatoka nje nikalia nikiwa nimeshika mti.

Nikamrudisha nyumbani, nikafanya kama mwanamke yeyote wa hapa afanyavyo akiwa na mtoto mgonjwa. Nikambeba mgongoni kwa mbeleko. Nikifagia, yuko mgongoni. Nikienda kisimani, yuko mgongoni, pua yake shingoni mwangu. Ndugu zangu, mlinicheka, na haki yenu!

"Dada Eliza, mtoto ameota jino?"

"Mbona huyo mtoto ana mkia? Baba yake nani?"

"Usimnyonyeshe tu!"

Nikacheka nanyi, nikaendelea kubeba. Niliona ndiyo upendo. Mama angefanya hivyo, nilijiambia. Chakula nilimtia mdomoni kwa vidole. Akitaka kujisaidia, nilimshikilia. Hakugusa ardhi.

Baba alivumilia, halafu jioni moja akasema bila kunitazama, "Mbwa asiyeweza kusimama ni chakula cha fisi. Juzi wamechukua mbwa wa jirani, na yule alikuwa na miguu minne. Ndani ya nyumba yangu mbwa halali. Jumapili ikifika hajasimama, nitammaliza mwenyewe, tena kwa huruma."

"Baba, atasimama."

"Kwenye mgongo wako?"

Kesho yake nikampeleka kwa daktari kutolewa nyuzi. Yule mama akamweka mezani, Karanga akamwagika kama nguo iliyolowa. Akamkamata paja moja baada ya jingine, akambonyeza. Akaniuliza, "Unambeba tangu lini?"

"Tangu ulipomkata, daktari."

Akaacha kubonyeza. "Mimi nilikata mguu mmoja," akasema. "Wewe umekata mitatu."

Bwana wangu na Mungu wangu! Nilihisi kama nimepigwa kofi. Kidonda kilikuwa kimepona vizuri, kimefunga safi, lakini miguu iliyobaki ilikuwa imelegea kwa kukaa bure. Mimi ndiye niliyekuwa ninamuua. Kwa kitenge cha mama!

Nikarudi, nikamweka chini uwanjani. Hakusimama. Nikamwita, hakusimama. Nikaweka nyama mbele yake, akainusa akafumba macho, akasubiri mgongo wangu. Nikamwacha alie. Akalia mpaka akachoka, kisha akalala ubavu, akaacha kula kabisa. Ijumaa ikapita hivyo. Ndipo nikaomba, mara ya kwanza tangu mazishi. Haikuwa sala nzuri. Nilisema tu, "Bwana, mimi mikono yangu inaua. Leta mikono mingine." Basi. Sikusema hata amina.

Jumamosi asubuhi niko jikoni napuliza moto, nikamwona baba anatoka stoo. Ameshika gunia tupu na kamba.

Ndugu zangu, gunia na kamba! Mtu anakwenda kwa mbwa mgonjwa na gunia na kamba, wewe ungefikiri nini? Nikasema, "Baba, si umesema Jumapili? Leo bado Jumamosi!" Akampita Karanga, akaenda mpaka kwenye lango la boma, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti kwa nguvu ambayo sikuisikia kwake mwaka mzima:

"Ng'ombe amelala! Jamani, ng'ombe amelala huku!"

Nilidhani baba amerukwa na akili.

Mnajua mwito huo ni kitu gani kwetu. Kiangazi kikizidi na majani yakaisha, ng'ombe dhaifu akilala, asubuhi hainuki peke yake, na asipoinuliwa anakufa palepale. Kwa hiyo ukisikia mwito, unaacha chai, unaacha jembe, unakimbia, hata kama mwenye ng'ombe mligombana jana. Gunia linapitishwa chini ya tumbo, linafungwa kwa kamba kwenye mti, wengine wanashika pembeni, mmoja anashika mkia, mnainua. Na hakuna anayeondoka kabla mnyama hajasimama mwenyewe.

Wakaja! Mzee Yona jirani yetu wa kisimani, na wanawe wawili, watu wazima, na Baba Neema wa upande wa reli akihema, ana mti mrefu begani. Wakaangaza macho zizini. Ng'ombe wote wamesimama wanacheua.

"Shikamoo mzee," Baba Neema akamwambia baba. "Ng'ombe yuko wapi?"

"Marahaba. Huyo hapo."

Wakaangalia chini.

"Huyu?" akauliza Mzee Yona. "Baba Eliza, nimeacha uji wangu kwa ajili ya huyu?"

Baba akachuchumaa kando ya Karanga. Ndipo akasema, na sauti ikampasuka katikati: "Huyu ni wa Mama Eliza. Ni wa Maria wangu. Mimi ndiye niliyempitia na mkokoteni. Siwezi kummaliza, Yona. Nilisema naweza. Nimeamka leo nimeona siwezi."

Maria wangu! Mwaka mzima sikulisikia jina hilo kinywani mwake.

Mzee Yona akamtazama baba, akamtazama mbwa, akaegesha fimbo yake ukutani, akakunja mikono ya shati. "Haya," akasema. "Nani anashika mkia?"

Halleluya! Wanaume watano wenye mikono ya kuvuta ng'ombe wamepiga magoti kumzunguka mbwa mwenye ukubwa wa kuku! Wakakunja gunia likawa jembamba, wakalipitisha chini ya tumbo. Mwana mmoja wa Mzee Yona akashika mkia kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika sindano.

"Taratibu, huyu hana pembe za kushikia."

"Inua! Kidogo! We, umemrusha!"

"Inuka, mama, inuka!"

"Si mama, ni dume. Hebu ona mwenyewe."

Karanga akaning'inia, miguu inacheza hewani. Wakamshusha mpaka nyayo zikagusa ardhi. Akatetemeka mwili mzima, akakojoa juu ya kandambili za Baba Neema, watu wakaanguka kwa kicheko. Baba hakucheka. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye vumbi, shavu chini, macho yake usawa wa macho ya mbwa, ananong'ona kwa Kigogo maneno ambayo mama alikuwa akimwambia. Kumbe aliyasikia! Miaka yote aliyasikia!

Wakalegeza gunia, akaanguka. Wakainua tena. Akaanguka. Jua likapanda, uji wa Mzee Yona ukapoa, na hakuna aliyeondoka. Wakainua tena. Wakati huo kuku mmoja jeuri akaingia kwenye alizeti niliyoanika, akaanza kudonoa. Nikaona masikio ya Karanga yanasimama. Gunia likawa jepesi mikononi mwao. Akajitupa mbele, akayumba, akaegemea hewa pale mguu usipokuwepo, nusura aanguke, hakuanguka. Akaruka, akaruka, akabweka sauti ya kukwaruza, na kuku akakimbia akipiga mabawa!

Wanaume wakapiga kelele kama ng'ombe dume ameokolewa. Baba akabaki chini kwenye vumbi, akalia. Alilia kilio cha mazishi, kile ambacho hakukilia kaburini. Mzee Yona akakaa chini kando yake, akamshika bega. Nami nilisimama mlangoni, mdomo wazi, nikijua sala yangu isiyo na amina imejibiwa kwa mikono ya watu wenye harufu ya zizi.

Sasa mimi ni nani nisimshukuru Mungu? Niliomba mikono, akaleta kumi! Ndugu yangu uliyelala chini leo, mwenye uchungu ambao unaona ni mdogo mno kuita watu, ita. Mwamini Bwana, paza sauti. Watakuja wakidhani ni jambo kubwa, na wakikuta ni wewe tu, hawataondoka.

Karanga sasa analala ndani, miguuni pa kitanda cha baba, na fisi wapite zao. Tangu mazishi baba hajakanyaga hapa. Leo amefika mpaka ukutani nje, amekaa kwenye jiwe na mbwa wake, anasema mbwa haingii kanisani naye hamwachi peke yake. Ibada ikiisha, msije kunishika mkono mimi. Nendeni kwake mmoja mmoja, mwamkieni, kisha mwambieni pole ya mke wake. Mwaka jana mlimwambia, hakuisikia. Leo ataipokea.