Herufi Iliyonusurika Kusuguliwa

Mheshimiwa Meya wa Bendigo, Ndugu Katibu wa Chama cha Wapenda Sarafu, wageni waalikwa, nanyi mliojipanga karibu na keki kwa makusudi: hamjambo!

Mimi Clarrie Nankervis, sonara na mweka hazina wenu, nimepewa heshima ya kumuaga mwenyekiti wetu, Mama Merle Trembath, anayestaafu leo baada ya miaka kumi na tisa. Sikuistahili heshima hii, na sasa hivi mtajua kwa nini.

Miaka minne iliyopita Merle aliingia dukani kwangu na bruchi ya bibi yake, pambo la kifuani lililopachikwa sarafu ya pauni ya dhahabu ya enzi ya Malkia Viktoria. Pini yake ilikuwa imevunjika. Nami, kwa ujuzi wangu wa miaka arobaini, nikaona kasoro kwenye jina la Malkia: herufi V ina mstari katikati! Nikawasha gurudumu la kung'arishia.

"Mkwaruzo tu huo," nikasema. "Dakika moja, umekwisha."

"Clarrie! Ukiigusa, nakunyoa masharubu kwa tupa yako mwenyewe!"

Ndugu zangu, nilicheka mpaka miwani ikaanguka. "Mama, kila kovu kwako ni hazina!"

"Haya, mtaalamu, niambie. Mkwaruzo huchimbika au huinuka?"

"Huchimbika."

"Basi tazama."

Nikatazama kwa lenzi. Mstari ulikuwa umeinuka! Mnaelewa maana yake? Kilichoinuka juu ya sarafu kilichimbwa kwanza kwenye muhuri wa chuma ulioigonga dhahabu. Na mihuri ya siku zile ilipochakaa, mafundi walizigonga upya herufi zake, moja moja, kwa nyundo. Fundi mmoja, pengine chuma chake cha V kimevunjika, pengine njaa inamuuma, alichukua cha A, akakipindua miguu juu, akagonga! Mstari wa A ukabaki hapo zaidi ya miaka mia moja, nami nilikuwa nimebakiza dakika moja kuufuta.

Nikaketi sakafuni. Merle akaninyanyua, tukacheza dansi humo dukani, watu wawili wenye magoti mabovu, mpaka mteja akachungulia mlangoni akauliza kama tumefunga.

Wataalamu wa Melbourne walipothibitisha, Merle aliandika habari hiyo kwenye jarida letu. Gurudumu hakulitaja. Aliandika: "Sonara mmoja makini alinisaidia kutazama." Makini! Mimi!

Sasa anahamia Castlemaine, na wengi mmeniuliza nitamtania nani. Jana, mjane kwa mjane, nilimuuliza swali moja.

"Clarrie," akanijibu, "nilidhani utaniuliza mwaka jana!"

Kwa hiyo Ndugu Katibu, tafuta na mweka hazina mwingine, kwani mwezi ujao nafunga duka, nafunga ndoa.

Asanteni nyote kwa kunivumilia.