Heller ya Mzee Hamdani

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Leo tunamkumbuka Mzee Hamdani wa Nangara, hapa hapa Babati mjini. Mzee Hamdani alifariki Alhamisi iliyopita. Alikuwa muuza vitenge, lakini wengi mlimjua kwa sarafu za shaba za zamani.

Watu walizifukua wakilima mashambani, wakampelekea azitazame. Aliishika sarafu pembeni kwa vidole viwili, uso hagusi. Anaigeuza taratibu kwenye mwanga wa mlangoni. Akiona ile rangi ya kahawia ya miaka mingi imetulia mpaka ndani ya herufi, anatabasamu. Ikiwa inang'aa kama sufuria mpya, anairudisha.

Mama Scola wa Mutuka anakumbuka: "Yangu niliisugua kwa majivu. Akaniambia, 'Mama Scola, umeichuna ngozi. Hairudi tena hii.' Nikamwambia, 'Mzee, si ungenidanganya hata kidogo?' Akacheka. 'Kwenye sarafu sidanganyi mtu.'"

Na kweli, hakudanganya mtu. Yeye mwenyewe alikuwa na sarafu moja asiyoiuza, heller ya shaba ya enzi za Mjerumani, ya mwaka 1904. Aliachiwa na baba yake. Haikuwahi kusuguliwa.

Alipougua, binti yake Faudhia alikuja kutoka Singida kumuuguza. Faudhia aliolewa mapema, mambo ya sarafu hakuyajua. Siku moja mzee akaomba aletewe heller yake. Faudhia akaiona imekuwa nyeusi, akaona aibu kumpa mgonjwa kitu kichafu. Akaisugua kwa limau na chumvi mpaka ikawaka.

Anasema: "Baba aliigeuza muda mrefu kwenye mwanga wa dirisha. Nikamuuliza, 'Si imependeza, baba?' Akasema, 'Imependeza sana, mama. Ahsante.' Akaifumbata."

Siku ya tatu akafariki, ameifumbata.

Msibani, Faudhia alimwonyesha Mama Scola ile heller. Mama Scola akashika mdomo. "Jamani, nani kaichuna hii?" Akamsimulia ya sarafu yake ya majivu. Ndipo Faudhia akaelewa.

Familia ya Mzee Hamdani, poleni sana. Mungu amrehemu. Nasi wasikilizaji, tuwaulize wazazi wetu wanapenda nini na kwa nini, wakiwa bado wanaweza kutujibu.

Nilimuuliza Faudhia angependa niseme nini hapa redioni. Akasema, "Bora angenigombeza tu."