Nobert Thembo na Starlet ya Kwenda Bwera

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Kama uko sokoni, punguza kelele kidogo. Kama uko juu ya boda, simama pembeni unisikilize, abiria atangoja. Leo tunamkumbuka Nobert Thembo. Nobert Thembo wa hapa Kasese, aliyekuwa akifanya kazi ya kujaza karatasi za mizigo mpakani, kule Bwera. Amefariki akiwa na miaka hamsini na sita. Narudia kwa wale waliofungua redio sasa hivi: ni Nobert Thembo, miaka hamsini na sita. Ameacha mke, Vasta, na binti mmoja, Phionah, anayesoma Kampala.

Sasa, siwezi kumtaja Nobert bila kutaja gari lake. Na gari lile siwezi kulitaja bila kutaja wivu. Nilikaa na Vasta nyumbani kwake Jumamosi iliyopita, tangu asubuhi hadi saa ya chakula. Nilimuuliza kama kuna mambo angependa niyaache. Akaniambia, "Sema yote. Na jina langu ulitaje." Basi mnisamehe, leo hatutasifu tu.

Gari lenyewe ni Starlet nyeupe, ndogo, ya mwaka tisini na tatu. Nobert aliinunua kwa mwalimu mmoja wa Fort Portal aliyekuwa anastaafu. Siku alipoileta, mtaa mzima ulicheka. Jirani yake, Eriya, aliizunguka mara mbili, akalipiga gurudumu teke, akauliza kama itaendelea kukua au imefika hapo. Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, Nobert aliiwasha akaenda kazini. Jioni akarudi. Kesho kutwa vivyo hivyo. Kasese mpaka Bwera, Bwera mpaka Kasese. Miaka kumi na mmoja, wasikilizaji. Narudia, miaka kumi na mmoja, na Starlet haikulala barabarani hata siku moja.

Eriya naye hakukubali kushindwa na kigari. Akanunua lake, refu, jeusi, vioo vya giza, redio ya kutingisha madirisha ya watu. Wiki ya tatu likawa juu ya mawe. Eriya akawa anakunywa chai barazani huku anaitazama Starlet ikipita, na chai haishuki. Akawaambia watu kwamba gari la Nobert lina dawa. Dawa gani, ndugu yangu? Nobert alikuwa akipima oili kila alfajiri, anaongeza maji, na hakimbii. Pale Kikorongo, njia ya kwenda Bwera, malori na mabasi yalimpita yote, na afande wa kizuizi cha barabarani alikuwa hamsimamishi tena, anampungia tu.

Lakini Nobert alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kushika usukani wake. Hakuna. Fundi akitaka kulijaribu gari, Nobert anaendesha mwenyewe, fundi anakaa kando na kusikiliza. Mchungaji aliwahi kuliomba kwa ajili ya bibi harusi. Nobert akalileta, akabaki ndani yake ibada nzima, mikono kwenye usukani, kama mtu anayelinda benki.

Na Vasta alitaka kujifunza kuendesha. Hilo lishikeni. Mwaka wa pili wa gari alimuomba mumewe amfundishe, kule uwanjani karibu na kiwanja cha ndege, Jumapili baada ya ibada. Nobert akamwambia, "Mama Phionah, hii ni jembe letu. Ikivunjika, tutakula nini?" Mwaka wa nne akaomba tena. Mwaka wa saba akaomba tena. Jibu lilikuwa lile lile. Basi Vasta akakubali kiti chake, cha mbele, upande wa kushoto, na kila Jumapili alikikalia kwelikweli. Aliniambia kwamba alikuwa anashusha kioo hata kukiwa na vumbi, ili wanawake wenzake wamwone vizuri.

Ndipo akaja Laurentine. Laurentine ni mjane, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, kule Kongo. Mambo yalipochafuka kwao alivuka mpaka, akapanga chumba hapa Kasese, nyumba ya nne kutoka kwa Nobert. Kila asubuhi alitakiwa awe Bwera kupokea mabunda yake. Nobert anaenda Bwera, gari lina nafasi, kwa hiyo akawa anampa lifti. Vasta hakuona ubaya. Hata mahindi ya kuchemsha aliwafungia, ya watu wawili.

Sasa sikilizeni vizuri. Siku moja ya soko alipita kwa Vasta mwanamke anayeitwa Consolée, wifi yake Laurentine, ametoka Butembo moja kwa moja. Alikuwa amewaona wakiingia Bwera. Consolée hakuwa na nia mbaya, alikuja kusifu. Akamwambia Vasta, "Laurentine amekuwa mutu mukubwa! Nimemuona anaendesha ile motokari ya bwana yako, na bwana yako amekaa kando yake, ametulia kama patron, kama bosi."

Vasta alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini polepole. Kiti angekisamehe, aliniambia. Mazungumzo ya njiani angeyasamehe. Lakini usukani? Ule aliounyimwa mara tatu, yeye mke wa ndoa, aliyelala njaa ili gari linunuliwe? Akaiona mikono ya Laurentine na bangili zake juu ya usukani, ikipinda kona ya Kikorongo. Hiyo picha haikumtoka tena. Akiosha vyombo anaiona. Akisali anaiona.

Mtanijia juu mniulize, huyu mwanamke hakukumbuka mambo ya fundi? Ya mchungaji? Mtu aliyemnyima fundi usukani, atampa mpangaji? Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema wivu haukumwachia nafasi ya kupiga hesabu hizo.

Jioni ile alimuuliza mumewe swali moja tu: gari lilikuwaje leo. Nobert akasema, "Zuri." Basi. Kwa Nobert hilo lilikuwa jibu la kila siku. Kwa Vasta lilikuwa ungamo.

Jumapili iliyofuata alikataa kupanda. Akaita boda. Nobert akashangaa, akauliza kuna nini. Vasta akasema amechoka na gari, basi. Nobert akauliza tena wiki ya pili, akapata jibu hilo hilo, naye ni mtu mwenye kiburi chake, akaacha. Mtaa mzima ulishuhudia: Vasta mbele juu ya boda, amejifunga leso kichwani kuzuia vumbi, na Starlet nyuma yake taratibu, kiti cha kushoto kitupu, mpaka mlangoni mwa kanisa. Kila Jumapili. Kwa miaka miwili. Laurentine akisalimia, Vasta anaujibu ukuta. Laurentine alimletea kitenge kizuri cha Krismasi. Vasta akakichana, akakipigia deki. Hilo nalo alitaka mlijue.

Na sasa tufike Jumanne ile.

Jumanne ile, wiki tatu zilizopita, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Nobert alitoka kupima oili. Vasta akasikia boneti inafunguliwa. Hakuisikia ikifungwa. Alipotoka alimkuta mumewe chini, kando ya gurudumu la mbele, kile kijiti cha oili bado mkononi. Mdomo umeenda upande. Mkono mmoja umekufa. Anatazama, anasikia, lakini hasemi.

Gari limejaa mafuta. Funguo ziko mfukoni mwake. Na nyumba nzima hakuna anayejua kuendesha. Eriya alikuwa amesafiri. Boda mmoja, Jonan, akasimama langoni, akasema, "Mama, tumuweke katikati yetu, twende sasa hivi." Vasta akamkatalia. Gari lipo, alimwambia, na dereva wake yupo. Jonan alikuwa na abiria wa kumfuata, akaondoka. Vasta akapiga simu kwa Laurentine.

Miaka miwili hakuwa amemsemesha. Akamwambia aje amuendeshe mtu wake hospitali.

Siku ile Laurentine hakuwa na mzigo Bwera, alikuwa misa ya asubuhi. Dakika ishirini. Vasta alikaa chini, kichwa cha mumewe mapajani, akingoja. Nilimuuliza alikuwa anawaza nini. Wasikilizaji, mwanamke huyu hajui kudanganya. Alisema aliogopa sana. Na kwamba ndani ya hofu ile ile, wivu ulikuwa umekaa, haujasogea. Alikuwa anasema moyoni, leo nitamwona kwa macho yangu anavyoliendesha.

Laurentine akafika anahema, kiatu kimoja ameshakipoteza njiani. Vasta akamnyooshea funguo.

"Endesha. Sina hasira. Endesha tu."

Laurentine akazitazama zile funguo. "Mama Phionah, miye sijue kuendesha."

"Consolée alikuona."

Laurentine akaufungua mlango wa kushoto, akaonyesha kiti. "Nilikuwa nakaaka hapa. Hapa tu. Kwetu usukani iko upande huu. Consolée aliona mutu kushoto, akajua ndiye chauffeur."

Kwa wale msiovuka mpaka, niwaeleze. Kwetu Uganda gari linashika kushoto, na dereva anakaa kulia. Ukivuka tu kwenda Kongo ni kinyume, usukani uko kushoto. Consolée ndio kwanza alikuwa amevuka, na Kasese aliletwa na boda. Aliona mwanamke kwenye kiti ambacho kwao ni cha dereva, akasema alichokiona. Na Vasta alikipokea bila kuuliza upande gani.

Yote haya yalisemwa juu ya kichwa cha Nobert. Hakuweza kusema neno, lakini alisikia. Vasta ana hakika alisikia. Anasema mumewe alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akawa hana tena swali usoni. Kisha ule mkono mmoja mzima ukamshika kifundo cha mkono, ukakaza.

Jonan alirudi, Mungu ambariki. Walimweka katikati, Vasta nyuma akimkumbatia. Nobert Thembo alifariki siku hiyo hiyo, saa nne asubuhi. Daktari alimwambia Vasta kwamba presha ilikuwa imepasua mshipa mkubwa kichwani, na zile dakika ishirini zisingebadilisha kitu. Vasta anasema daktari yule ni mtu mwema. Hakusema kwamba anamwamini.

Alizikwa Ijumaa nyumbani kwao Kisinga. Siku hizi, kila Jumapili baada ya misa, Laurentine huja kwa Vasta. Anapewa chai. Halafu Vasta anamdai siku moja, siku yoyote ya njiani, amsimulie. Jumapili moja Laurentine alimsimulia siku tembo waliposimama barabarani karibu na Kikorongo. Nobert alizima gari, wakangoja karibu saa nzima, na Nobert akawa anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya. Vasta akaweka kikombe chini. Nobert hakuwahi kuimba mbele yake tangu harusi.

Akaniambia maneno haya, nami nayasoma kama alivyoyasema: "Kwanza nilimuonea wivu kwa kitu ambacho hakupewa. Sasa namuonea wivu kwa kile alichopewa kweli. Na kiti kile nilimuachia mimi."

Wasikilizaji wapendwa, sitawahubiria. Ila wewe unayesikiliza, na una mtu ndani ya nyumba hamsemezani vizuri kwa sababu ya jambo ulilosimuliwa sokoni, mwendee leo. Mwambie ulichosikia, neno kwa neno, na umwache ajibu. Na wewe mwanamume mwenye gari uani, mfundishe mkeo kuendesha. Jumapili hii hii. Gari litapona.

Kabla sijaondoka kwa Vasta aliniomba, katika kutoa pole, nimtaje na Laurentine, kwa sababu naye amefiwa, hata kama hakuna anayejua amwite nani katika msiba huu. Nikaandika jina kwenye karatasi. Vasta akaangalia karatasi yangu, akasema, "Lakini umtaje wa mwisho."

Basi, pole Vasta. Pole Phionah, binti yetu, huko Kampala. Poleni ndugu wote wa Kisinga. Pole Eriya, uliyerudi safari ukakuta Starlet imesimama. Pole Jonan. Poleni nyote mliofanya naye kazi Bwera.

Na pole, Laurentine.