Avis Direen na Tufaha Lake la Chura

Ndugu waombolezaji, marehemu mama yetu Avis Maud Direen alizaliwa tarehe 11 Machi 1941 hapa Franklin, bonde la Huon, kisiwani Tasmania, akiwa mtoto wa nne wa mzee Horace Cuthbert, akasoma hapa hapa hadi mwaka 1955, kisha akaajiriwa katika banda la kufungashia matufaha, ambako alichambua matunda kwa miaka thelathini na moja.

Tarehe 9 Februari 1963 alifunga ndoa na marehemu Roy Direen, wakajaliwa watoto wawili, Lorna, na Clive anayewasomea haya, na zawadi ya baba yake siku ile ilikuwa miche minne ya tufaha ambalo halipo shamba lingine lolote, ngozi yake ya kahawia imejaa vipele, ndiyo maana tuliliita Chura. Likichumwa Aprili ni gumu na chungu, linakausha mdomo, lakini likilazwa kwenye nyasi kavu hadi Agosti linalainika na kunukia asali, na hakuna mtoto wa nyumba ile asiyelijua hilo. Mama hakumpa mtu hata kijiti cha kupandikiza, kwa uchoyo ambao hatutauficha.

Tarehe 3 Aprili mwaka huu, 2023, alipata kiharusi akalazwa hospitalini Hobart, na tarehe 21 Clive alimleta shambani mnunuzi wa matunda, yule bwana akang'ata Chura palepale mtini, akatema, akafuta ulimi kwa leso, akasema takataka hii ing'olewe ipandwe miti ya cheri, na Clive, akijua fika kwamba ni Aprili, alicheka naye, na kesho yake akaleta trekta. Inatia kinyaa kusoma haya, na kicheko kile kinanitia kinyaa kuliko trekta.

Mapema Agosti mama aliomba Chura lake, Clive akampelekea tufaha la dukani, jekundu, linang'aa kwa nta, mama akaling'ata mara moja, akalitema kwenye beseni, akamtazama mwanawe.

"Umeing'oa miti yangu," alisema. "Basi siku ya maziko yangu utalisoma hilo mwenyewe mbele ya watu, wala usiseme ilikauka."

Alifariki tarehe 19 Agosti, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, wenzake wa bandani waliobeba jeneza, pamoja nanyi mliokataa kunipa mkono tangu asubuhi, mna haki.

Haikukauka, mama, niliing'oa mimi. Pumzika sasa kwa amani.