Mama Aliniita, Sikuitika

Bwana asifiwe! Mmeitika wote, asanteni. Hamjui mmenipa nini. Mimi nilikuwa mtu asiyeitika, na leo nimesimama mbele ya kanisa niwaambie ubaya wake, hata kama mtanichukia.

Ndugu zangu, naitwa Kasongo. Nilichimba madini kwa mikono kule Kakanda miaka mingi, na shimo langu lilitoa udongo tu. Wenzangu walipata jiwe zuri, mimi niliambulia kikohozi. Wivu ulinila! Jumapili niliimba hapa hapa kwaya, Jumatatu nikaenda kwa mganga. Ndiyo, mimi!

Mganga alinichanja kifuani akanipa sharti moja. Tangu siku ile mpaka mvua ya kwanza, mama akiniita nisimwitike, wala salamu yake nisiipokee. Nikimjibu aliyenizaa, eti jiwe litasikia na kukimbilia chini. Nilikubali bila hata kukuna kichwa. Shetani hakunishika mkono, nilikwenda kwa miguu yangu.

Mama yangu alikuwa mjane, akiuza bitoyo, wale samaki wa chumvi, soko la Kikula. Tulikaa lupango moja, ua mmoja, mlango wake ukitazamana na wangu. Kila asubuhi: "Kasongo, umeamuka muzuri?" Mimi kimya. Nafunga viatu, napita. Mwanzoni aliwauliza majirani amenikosea nini. Baadaye akaanza kuniomba msamaha. Mama, ndugu zangu! Ananiomba msamaha wa kosa ambalo halipo! Na mimi natazama juu, nangoja mawingu.

Mwisho wa kiangazi malaria ikamlaza. Yaya Georgette, dada yangu mkubwa, alikwenda sokoni kuuza mahali pake. Mchana kweupe, niko chumbani kwangu, nikasikia: "Kasongo, mutoto wangu, uko? Niletee mayi kiloko." Maji kidogo tu! Bidoni la maji lilikuwa hapo miguuni pangu. Akaita tena. Ningeweza kumpelekea bila kusema neno. Niliogopa atanishukuru, na mdomo utaniponyoka. Nikajifunga shati masikioni.

Yaya aliporudi alimkuta amekwisha kupoa, kikombe kitupu kando yake. Akaniuliza, "Weye ulikuwa hapa?" Nikamwambia nilikuwa. Hajanisemesha tena tangu siku ile.

Mvua ya kwanza ilinyesha tukiwa makaburini. Shimo langu likajaa maji, likabomoka. Jiwe sikuliona hata la ukubwa wa ukucha.

Nilikuja kwa mchungaji wetu nikipiga kelele, nikitaka anitoe pepo. Akanitazama, akasema, "Kanwa ilikuwa ya pepo, ao ya kwako?" Nilimchukia kwa swali lile! Wiki mbili sikukanyaga hapa. Ndipo siku moja nikapiga magoti kando ya lile bidoni nikasema: Bwana, mdomo ulikuwa wangu. Nilitenda mimi. Na Yesu akanipokea, ndugu zangu, mimi huyu! Damu yake ilinisafisha.

Lakini msinidai kicheko. Hakunirudishia mama. Nimesamehewa na bado inauma, na uchungu huo ni halali yangu. Namshukuru Mungu hata hivyo, maana bila yeye ningekuwa bado namlaumu mganga.

Wewe uliyekaa hapo na dhambi yako, usimtupie Shetani uliyoyafanya na akili zako timamu. Yesu anakuita kwa jina lako. Mwitike angali anaita. Mama alipoita mara ya mwisho, mimi sikujua kuwa ni ya mwisho.

Yaya Georgette yuko pale, karibu na dirisha. Kila Jumapili namsalimia, naye anatazama ukuta. Simlaumu. Yaya, usiitike kama moyo bado. Nitakusalimia tena Jumapili ijayo, na ile nyingine.

Ninyi wengine, Bwana asifiwe!